DJ, zima maiki kidogo

Jamani, madj wa kutafsiri muvi za kutisha, mnatuharibia starehe.

Muvi ya kutisha inaishi kwa ukimya. Fundi wa sauti anashusha taratibu: muziki unakatika, inabaki feni tu, kisha mlango unalia mara moja. Sekunde hizo 10 au 15 sikio linatafuta, mwili unakaza, na hapo ndipo kishindo kinakukuta. Sasa DJ akisikia kimya anadhani ni zamu yake: "Oyaa, demu anaingia chumbani, kumbe jini liko kabatini!" Kwisha habari. Umeshajua liko wapi, na sauti ya DJ imekishinda hata kishindo chenyewe. Unashtuka nini tena?

Chukua Jaws, muvi ya papa mla watu ya 1975. Papa wa mashine alikuwa akiharibika kwenye maji ya chumvi, ikabidi mwongozaji Spielberg amfiche. Haonekani vizuri mpaka saa nzima imepita. Kutomwona ndiko kunakotisha. Mpe DJ wetu, atamtaja dakika ya 2.

Na vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea muvi mitaani, vya Manzese na Mbagala pale Dar navyo! Besi imefunguliwa mpaka spika inakoroma, kwa hiyo ule mngurumo mzito wa kukutia wasiwasi husikii. Runinga mwanga umejazwa wote, giza limekuwa kijivu, kila kona unaiona. (Muuza karanga naye anakatiza mbele.)

Maneno ya wahusika tafsiri, tunashukuru sana. Wakinyamaza wao, na wewe zima maiki.