Uso mmoja, lebo kumi

Mwaka 2013 ilitolewa FER2013, kanzidata ya picha za nyuso karibu 36,000 za kufundishia kompyuta kutambua hisia. Ni vipicha vya pikseli 48 kwa 48, kila kimoja na lebo moja tu kati ya saba: hasira, kinyaa, hofu, furaha, huzuni, mshangao, au hakuna hisia. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Microsoft walizipa picha hizo lebo upya, safari hii kila moja ikipitiwa na watu kumi. Picha nyingi ziliwagawa watazamaji wake.

Mgawanyiko huo ni makosa ya kufutwa kwa kura ya wengi, au ndiyo data yenyewe?

Wanaotaka lebo moja wana pa kusimamia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Ekman alikwenda kwa Wafore wa Papua Guinea Mpya, akawasimulia visa vifupi na kuwataka wachague picha inayolingana. Kwa sehemu kubwa walichagua kama Wamarekani, ingawa hofu na mshangao viliwachanganya. Kama uso una maana yake tayari, anayepishana na wenzake amekosea, basi. Na kweli, tabasamu pana haligombanishi watu.

Ila Wafore wale walipewa vya kuchagua. Mwaka 1994 mwanasaikolojia James Russell alionyesha kuwa kumkabidhi mtu orodha ya majibu kunakuza makubaliano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Wahadza wa Ziwa Eyasi ulikwenda mbali zaidi: kwa wale wasiochangamana sana na jamii nyingine, majibu yao yalielezeka kwa kutofautisha tu hali njema na mbaya, tulivu na iliyochemka. Hisia sita zenye mipaka hazikuhitajika.

Mimi niko upande wa kuacha kura zote zibaki. Wale wa Microsoft walipofundisha modeli ya kompyuta kwa mgawanyo wa kura kumi, ilifanya vizuri kidogo kuliko ile iliyofundishwa kwa lebo ya wengi. (Kichekesho ni kwamba hata mtihani huo ulisahihishwa kwa lebo ya wengi.)

Faida kubwa zaidi ni aina ya dai linalotolewa. "Sita kati ya kumi wataiita hii hasira" ni habari za watazamaji, na data inayo. "Mfanyakazi huyu ana hasira" ni habari za mtazamwa, ambaye hakuna aliyemuuliza. Ndiyo maana naona Umoja wa Ulaya haukukosea kupiga marufuku, tangu Februari 2025, mifumo ya kukisia hisia kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama.

Hata hivyo mgawanyo nao hudanganya. Watu kumi wa mtaa mmoja watatoa asilimia za kupendeza zinazohusu mtaa wao tu. Anayetoa data ya nyuso atoe kura zote zilivyopigwa, na aseme wapigaji wametoka wapi.