Padri, kimondo na hesabu

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anadai kwamba msomi wa sayansi hawezi kumwamini Mungu bila kujidanganya. Basi amtazame Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka, na ambaye hakufurahi Papa Pius XII alipoihusisha nadharia yake ya chanzo cha ulimwengu na uumbaji mwaka 1951. Mfano mwingine uko kwetu: sisi wa Mbeya tuna kimondo cha Mbozi, pande la chuma lililoanguka kutoka angani, si mbali. Nilikwenda na baba mkwe, mwinjilisti wa Kimoraviani. Alipapasa kwa kidole pale kilipokatwa kipande cha kupimwa, akaelezwa habari za chuma na nikeli, akauliza maswali mengi kuliko mimi mwalimu wa fizikia, kisha akavua kofia akasali kimyakimya.