Tangi Tupu

Hita yetu ya maji ya kuoga ilianza kuvuja kwa chini, tone moja moja, nami nikatangaza mezani kwamba fundi wa nini, ni mabomba mawili na nyaya tatu tu. Mke wangu hakujibu. Aliinuka, akaenda kukunja zulia la korido.

Haki yangu nipewe: umeme niliuzima kwenye swichi kuu tangu usiku, na asubuhi nikapima nyaya kwa tesita kabla ya kugusa chochote. Koki ya maji ya kuingia nikaifunga. Nikaunga mpira kwenye koki ya chini ya kumwagia maji, nikautoa dirishani, nikafungua. Yakatoka maji ya kikombe kimoja, yakakata.

Tangi la lita 80, kikombe kimoja. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema, "Kumbe lilishavuja lote," nikachomoa mpira, nikapiga magoti chini yake na spana yangu. Hata kuligonga niligonga. Likalia "du!" zito, la kitu kilichoshiba, nikasema huo ni unene wa chuma.

Kumbe tangi lisilopata hewa kwa juu halimwagi kwa chini. Ni kama mrija ulioutia kwenye glasi ukauziba kwa kidole: unaunyanyua na maji yamo humo humo. Nilitakiwa kufungua bomba lolote la maji moto mle nyumbani.

Kazi hiyo alinifanyia mama mkwe. Aliingia jikoni kunawa mikono, akafungua bomba la maji moto. Nikasikia tangi likivuta pumzi juu ya kichwa changu, taratibu, kama mzee anayejiandaa kuhutubia. Kisha likahutubia.

Yalikuwa ya kahawia, yamechanganyika na chembe za chokaa za miaka yote tuliyooga bila kujua tunaoga nini. Nikakimbilia koki; mpini wake wa plastiki ukabaki mkononi mwangu. Nikaziba kwa kidole gumba, maji yakapita kwenye mkono wa shati hadi kwapani.

"Funga bomba, Mama! Funga!"

"Nimefungua, baba! Nimefungua yote!"

Namshukuru Mungu nilizima umeme usiku. Maji yale yangekuwa ya nyuzi 60, leo ningekuwa nawasimulia bila ngozi.

Jioni, korido ikiwa imekauka, tangi jipya lilikuwa ukutani. Nikawasha upesi, familia ioge, inisamehe. Sikusikia hata mchemko. Koili iliungua sijamaliza kukusanya spana.

Fundi akaitwa. Akayatazama matambara, ndoo na zulia lililoanikwa, akaniuliza kwa upole, "Mzee, kabla ya kuwasha, ulijaza maji?"

Mama mkwe akanijibia kutoka jikoni: "Kujaza alijaza, mwanangu. Korido nzima."