Mafumbo ya Shemeji na Alama ya X

Shemeji yangu alirudi kutoka Uingereza na vitu viwili: kikohozi na mchezo. Kikohozi kilitibiwa na tangawizi. Mchezo ndio huu ninaousimulia.

Alikuwa York kwa kozi, na siku moja ya mapumziko wenzake wakamtoa matembezi. Si yale ya kufuata mtembezaji. Unanunua kijitabu, unaanzia mahali walipopataja, unasoma fumbo, na jibu lake liko hapohapo mtaani: mwaka uliochongwa juu ya mlango, jina kwenye sanamu, idadi ya ngazi za kanisa. Jibu ndilo linalokuelekeza ukate kushoto au kulia, na mbele huko fumbo lingine linakusubiri. Mpaka unamaliza umeuzunguka mji. York kuna kuta za zamani ambazo watu hupanda wakatembea juu yake, na shemeji anasema alishinda huko juu mchana kutwa na karatasi yake, wala hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Hilo la mwisho alilitaja kama sifa ya mji. Nilinyamaza, kwa sababu ni kaka wa mke wangu.

Familia ilipokusanyika kwetu Mtwara kwa ajili ya Idi, akatangaza kwamba ametutungia mafumbo ya kwetu, na mwisho wake kuna sanduku la zawadi lenye kufuli la namba. Mtwara mjini alipakataa. Sikumlaumu. Mji wetu aliupanga Mwingereza kwa ajili ya ule mpango wake wa karanga wa mwaka 1947. Akachora barabara pana, akaanza habari za bandari na reli, karanga zikamgomea, na mwaka 1951 mpango ukazikwa. Reli ikaja kufungwa 1962. Barabara pana tunazo hadi leo, sasa fumbo utalificha wapi kwenye barabara pana? Basi akachagua Mikindani, mwendo wa kilomita kama kumi kwa barabara ya Lindi: nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, vichochoro, ghuba chini, Boma la Mjerumani juu. Alikwenda peke yake kabla ya sikukuu kupanga vituo. Peke yake kwa anavyojua yeye.

Tukagawanywa makundi mawili. Kundi la bluu lilikuwa mke wangu na dada zake. La nyekundu lilikuwa mimi, mama mkwe, na mpwa wa mke wangu, mtoto wa darasa la nne asiyetulia. Kila kundi likapewa ubao wa kuandikia wenye kibanio, kalamu, na kipande cha chaki ya rangi yake, ili ukimaliza kituo uweke alama. Na kwa kuwa barabara kuu inapita katikati ya Mikindani na malori ya kule hayajui utani, shemeji alitununulia riflekta. Zile vizibao vya rangi ya chungwa zenye mistari inayong'aa. Mama mkwe aliivaa yake juu ya baibui, akajitazama kwenye kioo cha gari, akasema inampendeza.

Sharti lilikuwa moja tu: ni marufuku kumuuliza mtu.

Nani aende Mikindani asimuulize mtu? Ukimpita mzee barazani bila salamu unaandikiwa historia. Ukimsalimia atakuuliza unatoka wapi, wa nani, unakwenda kwa nani, na ukishajibu hayo huna tena fumbo, una ndugu. Tulipofika Boma tulikuwa tumeshapata babu wawili na shangazi mmoja.

Fumbo la kwanza lilisema: “Mjerumani alinijenga apate kutawala, leo wageni wananilipa walale. Jumlisha tarakimu za mwaka niliojengwa.” Hili rahisi, Boma ni la 1895, jumla yake 23. Kabla sijaandika, kundi la watoto waliokuwa wanatufuata wakaimba kwa pamoja, “Ishirini na tatuuu!” Nikawauliza wamejuaje. Mmoja akasema wale mama wa bluu wamepita wanabishana kwa sauti. Mpwa akaweka alama yake nyekundu kwenye jiwe la njiani, tukashuka.

La pili: “Daktari wa Kiskochi alianzia hapa safari ambayo hakurudi nayo akiwa hai. Jumlisha mwaka. Geuka uipe bahari kisogo, tembea hatua hizo, kisha hesabu milango na madirisha ya nyumba inayokutazama.” Huyo ni Livingstone, mwaka 1866, jumla 21. Nyumba inayosemwa aliishi ipo, na kibao chake. Tukaipa bahari kisogo. Ugomvi ukaanza kwenye hatua. Hatua za shemeji, ambaye alikuwa anatufuata na simu akirekodi, ni mita nzima nzima. Za mama mkwe ni shubiri. Tukipima kwa miguu yake tunaishia kwenye banda la kuku, tukipima kwa miguu ya mwanawe tunafika nyumba ya tatu kichochoroni. Mimi ni mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, futi kamba haitoki mfukoni. Nikaitoa, tukakubaliana sentimita 75 kwa hatua, tukaanza kupima, mpwa ameshika ncha, mimi nasoma kwa sauti.

Sasa jiweke kwenye baraza ya bibi mmoja anayechambua mchele asubuhi ya Idi Pili. Mara anatokea mwanamume mwenye riflekta na futi kamba. Nyuma yake mama mtu mzima mwenye riflekta. Nyuma yake kijana mrefu wa mjini anapiga picha. Yule wa mbele anainua macho, anaitazama nyumba yako kutoka paa hadi msingi, anaandika. “Milango miwili,” anasema. “Madirisha manne, moja bovu.”

“Shikamoo bibi,” nikamwambia.

“Marahaba,” akajibu, ungo umesimama hewani. “Nnanihesabia nini?”

Nikakumbuka sharti. Kuuliza ndiyo marufuku, kujibu hakukutajwa, lakini shemeji alinikonyeza ninyamaze nisiharibu mchezo. Katika kimya hicho mpwa akaona kituo kimekwisha, akachuchumaa kwenye ukuta uliopakwa chokaa upya kwa ajili ya sikukuu, akachora alama yake nyekundu.

Alichora X.

Kama hukuwahi kukaa Tanzania karibu na hifadhi ya barabara, X nyekundu ukutani maana yake jiandae, nyumba inavunjwa. Na Mtwara wanajua zaidi ya hapo. Bomba la gesi limechimbwa kutoka kwetu hadi Dar es Salaam, likakamilika mwaka 2015, na tangu enzi hizo mtu mwenye karatasi na kamera hapiti mtaa wa kusini bila watu kujiuliza amekuja kuchukua nini na analipa shilingi ngapi.

Bibi hakupiga kelele. Alishusha ungo taratibu, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, kisha akaita jina la mwanawe kwa sauti ambayo nadhani mke wangu aliisikia kule Boma. Kichochoro kikajaa. Walitoka na vijiko mikononi, wengine na pilau mdomoni. “Wameweka X kwa bibi!” “Nani kawatuma?” “Mbona hakukuwa na mkutano wa mtaa?” Shemeji akaingia katikati na suti yake ya Idi, akainua mikono. “Ndugu zangu, huu ni mchezo tu!”

“Nyumba ya mama yangu ni mchezo?” akauliza mtoto wa bibi. Kifua chake kilikuwa sawa na mlango wa pili niliokuwa nimeuhesabu.

Mimi nilikuwa nakagua njia ya kutokea wakati mzee mmoja mwenye kofia ya vito alipopenya mbele, akanisogelea sikioni. “Mnalipa kwa chumba au kwa nyumba nzima?”

Swali hilo ndilo lililotuokoa, na ndilo lililotumaliza. Neno fidia likapita kutoka mdomo hadi mdomo, na hasira ikageuka foleni. Mtoto wa bibi akaniwekea mkono begani, sasa ni mkono wa ndugu. “Kaka, umeandika choo?” Nikasema sijaandika. “Andika choo. Cha shimo refu.” Bibi naye ameshasimama. “Na nkorosho wangu uko nyuma, andika. Ntoto wa kwanza alipozaliwa ndipo nilipoupanda.” Mwingine ana minazi. Mwingine ana kaburi la babu yake, na kweli makaburi hulipwa, analijua hilo kunishinda. Nilijaribu kusema sisi si wathamini. Wakanikata jicho. Nikaandika.

Mama mkwe, ambaye nilitegemea atanitoa, alikuwa ameshakalishwa kwenye kigoda na sahani ya pilau, anawaambia watu wapange mstari, wazee kwanza.

Mama mmoja alirudi kutoka ndani amebadilisha kanga, akasimama mbele ya mlango wake, ameshika kifuani kipande cha boksi kilichoandikwa 7 kwa mkaa. Hivyo ndivyo wathamini wanavyowapiga watu picha, kila mwenye mali na namba yake. Akamwambia shemeji, “Nipige, na hilo bati jipya lionekane.” Shemeji akapiga. Angefanyaje? Na pembeni, nyuma ya banda la kuku, nilimwona kijana mmoja anachimba shimo kwa panga haraka haraka. Akachomeka mche wa mpapai wenye majani matatu, akaukanyagia udongo, akaumwagia kopo la maji, akaja kwenye foleni anapangusa mikono. “Nina mpapai,” akasema. Nikamwambia nimeuona unapandwa. Akasema basi niandike na umri wake.

Mwenyekiti wa mtaa alifika amevaa kanzu, muhuri mfukoni. Alisalimia kila mtu, akanyoosha mkono. “Barua ya utambulisho.” Hatuna. “Kibali cha halmashauri.” Hatuna. “Basi karatasi yoyote.” Shemeji akampa karatasi ya mafumbo. Mwenyekiti akavaa miwani, akaanza kuisoma kimya, nyusi zikapanda. Akarudia kwa sauti:

“Mzee wa kijivu, tumbo kubwa, nusu ya mwaka hana nguo.”

Kimya. Kisha kutoka nyuma, sauti ya mtoto: “Mbuyu!”

“Subiri,” akasema mwenyekiti, na pale nikaona mchezo umemnasa. “Mambo hufanywa kwa utaratibu. Kitendawili!”

“Tega!” kichochoro kizima.

Akatega. Wakategua. Akarudi hadi la kwanza, akayasoma yote upya, fidia ikawekwa kando, watu wanabishana mishipa ya shingo imewatoka. Fumbo la Livingstone lilimuudhi mzee wa kofia. “Umesema hakurudi akiwa hai, umekomea hapo. Nani aliibeba maiti mpaka Bagamoyo? Chuma na Susi! Chuma ni Myao, mtu wa huku kusini. Unatunga fumbo la Mikindani unamwacha Chuma?” Shemeji akasema atarekebisha. Mzee akamwambia aandike sasa hivi. Akaandika.

Ikabaki ni mbuyu upi, maana Mikindani mibuyu haina idadi. Kila ukoo ulikuwa na wake. Ilipoonekana tutalala pale, mtoto mmoja wa ile kwaya ya ishirini na tatu akavuta kanzu ya mwenyekiti. “Ni ule wa wavuvi. Sanduku analo mshona nyavu, na kufuli lake ni 2321. Nilimwona anko akilifunga ile siku alipokuja.”

Msafara ukashuka ufukweni, bibi mbele. Nilibaki nyuma na mpwa kwa amri ya mtoto wa bibi, kusugua X. Chaki nyekundu kwenye chokaa mbichi haitoki. Ukisugua kwa maji inasambaa, na kona ile ya nyumba mpaka tunaondoka ilikuwa ya waridi. Bibi alikuja kuitazama akasema iachwe, inavutia.

Zawadi yenyewe ilikuwa korosho, pakiti nzuri za kufungwa kwa mashine, ambazo shemeji alizinunua Dar es Salaam. Yaani korosho zilitoka huku, zikasafiri, zikavalishwa karatasi inayong'aa, zikarudishwa Mikindani kwa gari. Watu walitafuna wakatazamana. Mshona nyavu akasema kwa upole kwamba ni za msimu uliopita.

Kundi la bluu lilitukuta hapo, jasho linawatiririka. Walikuwa wamelishika sharti la shemeji barabara, hawakumuuliza mtu, na walikuwa bado hawajaitambua nyumba ya Livingstone. Mke wangu alinitazama mimi, akamtazama mama yake anayekula pilau ya sahani ya pili, akatazama watu wote wale wanaotafuna zawadi yake. Hakusema neno hadi nyumbani, na hapo alisema mengi.

Orodha yangu ya mali za kichochoro kizima mwenyekiti aliipitia, akaigonga muhuri, akasema haki ya mtu haipotei. Kila aliyeandikishwa alichukua namba yangu ya simu. Nimewaeleza wote, mmoja mmoja, kwamba ule ulikuwa mchezo kutoka Uingereza. Wananiitikia vizuri tu. Jana akapiga yule kijana.

“Kaka, ule mpapai umeanza kuzaa. Bei tunaiacha ileile?”