Meneja Alipohama

Kwa miaka minne nilikuwa na meneja aliyejua kwamba sikio langu la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasikia nusunusu. Kikaoni alinitengea kiti mahali ninapoona midomo ya wote. Ajenda alinitumia siku moja kabla, na mtu akizungumza huku ameipa meza mgongo, alimwomba ageuke. Hakuna hata kimoja kilichogharimu fedha. Alipohamishwa, vyote viliondoka naye siku ileile.

Meneja mpya si mtu mbaya. Ila hakukuta karatasi yoyote ya kumweleza, nami nikaanza upya: kujieleza, kuleta cheti cha daktari, kujieleza tena. Siku hizi nikiuliza, "Kasema nini?" aliye jirani hunijibu, "Achana nayo, si muhimu." Sijaambiwa neno la kuniuma kazini kuliko hilo. Kama si muhimu, mbona nyote mmecheka? Mtu yeyote mwenye usikivu hafifu analijua jibu hilo. Jioni kichwa kinanigonga, na si kwa wingi wa kazi, ni kwa kushinda kutwa nikisoma midomo na kubahatisha maneno yaliyonipita.

Mwenzangu mmoja ana usonji. Taa kali na kelele za ofisi isiyo na kuta humchosha kama midomo inavyonichosha mimi. Aliomba avae hedifoni za kuzuia kelele, na maagizo apewe kwa maandishi. Akaambiwa anajitenga na wenzake. Tangu hapo anajilazimisha kuwatazama watu machoni na kuchekacheka wanapocheka, kisha anafika nyumbani hana nguvu hata ya kupokea simu. Wapo wenye ADHD, yaani ugumu wa kutulia na kumakinika, na wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, wanaoficha hali zao kabisa. Siwalaumu, maana ukishasema, neno halirudi kinywani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unahesabu kuwa ni ubaguzi kumnyima mtu marekebisho anayoyahitaji ilhali hayamwelemei mwajiri kupita kiasi. Ibara ya 27 inayadai marekebisho hayo mahali pa kazi, waziwazi. Na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita, wana ulemavu mkubwa. Kwa hiyo anayetuona kama mtu mmoja wa kuhurumiwa pale pembeni amehesabu vibaya.

Huruma ya yule meneja wa kwanza naishukuru hadi leo, lakini sitaki kazi yangu iitegemee. Nataka tulichokubaliana kiandikwe, ukurasa mmoja tu, kikae kwenye faili langu, na yeyote atakayekuja akikute. Wiki iliyopita niliuandika ukurasa huo mwenyewe nikaupeleka idara ya rasilimali watu. Wameupokea na kuugonga muhuri. Kikao kijacho ni Jumatatu, nami nitaangalia kiti changu kimewekwa wapi.