Santa Rosa: Upepo Uleule, Njia Ileile ya Moto

Septemba 1964, moto uliopewa jina la Hanly ulitoka upande wa Calistoga, kaskazini mwa California, ukavuka milima na kuushukia mji wa Santa Rosa. Hakufa mtu. Usiku wa Oktoba 8, 2017, moto wa Tubbs ulizuka upande huohuo, ukafuata karibu njia ileile na kuingia mjini ndani ya saa chache. Safari hii walikufa watu 22, na majengo zaidi ya 5,600 yakateketea.

Mioto yote miwili ilisukumwa na upepo uitwao Diablo. Kiangazi kinapokaribia kwisha, hewa nzito hulundikana juu ya nyanda za Nevada, kisha huteremka kuelekea Pasifiki. Kadiri inavyoshuka ndivyo inavyobanwa, ikapata joto na kukauka. Ikipenya kwenye mabonde huongeza kasi. Nayo hufika wakati mbaya kuliko wote: miezi imepita bila mvua, na nyasi zinawaka kwa cheche moja.

Wapo wanaosema basi, njia ya upepo inajulikana, watu wasijenge humo. Hoja hiyo ina uzito. Vilima vya Fountaingrove, pembezoni mwa Santa Rosa, viliungua 1964, baadaye vikajazwa nyumba za kifahari, na 2017 vikaungua tena. Upepo haukubadilika, kilichoongezeka ni nyumba.

Lakini tazama Coffey Park. Ni mtaa wa Santa Rosa ulio tambarare, ng'ambo ya barabara kuu ya 101, ambao moto wa 1964 haukuufikia. Mwaka 2017 cheche ziliruka barabara hiyo, kisha nyumba ikawa inawasha nyumba ya jirani. Kwa hiyo historia hukuonyesha moto unatokea wapi na unaelekea wapi. Utakapoishia haikuonyeshi. Kuwaambia watu wahame kwenye mkondo wa upepo ni kuchora mpaka usioheshimiwa na cheche, tena katika jimbo ambalo nyumba ni ghali mno.

Kwangu mimi, mlimani kama Fountaingrove ujenzi ungezuiwa. Kwingineko, upepo uwe ndio unaoamua saa ya kuwatoa watu. Oktoba 2019 Diablo ilipousukuma moto wa Kincade katika kaunti ya Sonoma, ulipo mji wa Santa Rosa, watu zaidi ya 180,000 waliamriwa kuondoka mapema, wengi wao kabla upepo haujafikia kilele. Nyumba ziliungua, lakini hakuna aliyekufa.