Malaika hakumkemea Eliya

Mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, akijitokeza kanisani hapa Tanga, iwe Chumbageni au Makorora, mara nyingi hupewa mambo matatu kwa mkupuo: maombi ya kufunguliwa, siku za kufunga na mkesha wa Ijumaa. Wanaompa wanampenda, sina shaka. Ila yote matatu yanahitaji mtu mwenye nguvu, na huyu aliyekaa kwenye benchi hana nguvu hata ya kuoga.

Soma 1 Wafalme 19 taratibu. Eliya amekimbilia jangwani, amejilaza chini ya mti wa mretemu, anamwambia Mungu imetosha, aiondoe roho yake. Malaika anafika. Hakemei pepo wala hamuulizi imani yake imepotelea wapi. Anamgusa, anamwambia ainuke ale. Pale kichwani pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena, na malaika anamwacha alale, kisha anamwamsha na kumlisha mara ya pili. Ile sauti ndogo ya utulivu anaisikia Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Huo ndio mpangilio ninaoutetea: chakula, maji, usingizi, mtu wa kukaa karibu, ndipo maneno.

Sonona si huzuni ya kawaida. Mtu akikaa majuma mawili au zaidi moyo umezimika karibu kila siku, halafu usingizi, hamu ya kula, nguvu na umakini navyo vikaharibika, huyo aonwe na daktari. Lakini dalili inayowatesa sana waumini ni hatia. Akili inayougua humshawishi mtu kwamba amemkosea Roho Mtakatifu na msamaha haumhusu tena. Anatubu leo, kesho hatia iko palepale, na kiongozi asiyejua anamwongezea toba nyingine. Kipo kipimo rahisi. Hatia ya kweli unaweza kuitaja: nilimdhulumu fulani kiasi fulani, nitarudisha. Hatia ya ugonjwa haina cha kushika, au inang'ang'ania kosa dogo la miaka mingi iliyopita, na toba haiipunguzi hata kidogo. Ya kwanza ipeleke kwa mchungaji. Ya pili mweleze daktari, tena kwa maneno hayohayo.

Sasa dawa. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na sababu yake iko wazi. Mtu mzima akiandikiwa fluoksetini, mojawapo ya dawa za sonona, kwa kawaida huanza na miligramu 20 asubuhi. Amitriptilini, nayo dawa ya sonona, huanza chini, mara nyingi miligramu 25 usiku kwa sababu inaleta usingizi. Kuchagua na kupanga kiasi ni kazi ya daktari. Kinachompasa mgonjwa na ndugu zake kukijua ni kalenda. Juma la kwanza huja maudhi: kichefuchefu, kinywa kukauka, kizunguzungu. Nafuu huanza kuonekana kati ya juma la pili na la nne, na kwa wengine huchukua sita. Kwa hiyo yapo majuma mawili hivi ambayo mtu anapata ubaya wote wa dawa bila faida yake, na ni katika majuma hayo jirani huja na shauri kwamba vidonge vinazuia muujiza.

Akivuka hapo, unamsubiri mtego wa pili. Juma la sita anajisikia mzima, Jumapili anasimama kutoa ushuhuda, makofi yanapigwa, akirudi nyumbani anatupa vidonge. Ugonjwa ukirudi baada ya miezi michache anaona aibu kurudi kliniki, na aibu kubwa zaidi kurudi kanisani, maana alishatangaza kwamba amepona. Dawa huendelea walau miezi 6 baada ya mtu kujisikia vizuri, kisha hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Ushuhuda mzuri ni ule unaosema: namshukuru Mungu, na vidonge naendelea kumeza. Mhubiri anayemwambia mgonjwa aache dawa asitiiwe katika hilo, hata awe na upako gani.

Kufunga bila kula wala kunywa hakumfai mtu ambaye tayari anakula matonge matatu kwa siku. Kwa anayetumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ni hatari kabisa, kwani maji yakipungua mwilini dawa hujikusanya kwenye damu hadi kuwa sumu. Afunge simu kuanzia saa 3 usiku, hiyo nayo ni saumu. Mkesha uahirishwe mpaka apone. Usingizi ndio nusu ya tiba, na kwa mwenye ugonjwa huo wa hisia kupanda na kushuka, usiku mmoja wa kukesha unaweza kumrusha juu. Atasema mfululizo, hatalala siku tatu, na watu watadhani ni moto wa Roho.

Basi imani ifanye nini? Ifanye kidogo, kila siku. Mistari minne ya Zaburi kwa sauti, saa ileile ya kumeza kidonge, ili kimoja kikumbushe kingine. Naipendekeza Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila kugeuka kuwa furaha; mgonjwa akiisoma anajua kwamba Biblia imemwekea nafasi jinsi alivyo. Siku asiyoweza hata hilo, wengine wamwombee, yeye alale. Kwaya pia inasaidia: aende mazoezini akae tu, asiimbe, hakuna atakayemdai sauti. Na atembee. Nusu saa kuelekea Raskazone kabla jua halijakaza, upepo wa bahari ukiwa bado mwanana.

Jumuiya ikimtembelea, waende wawili, si kumi, wakae nusu saa, wabebe uji au samaki aliyekwishapikwa. Mmoja amsindikize kliniki na kuikumbuka tarehe ya kurudi. Vidonge vitunzwe na ndugu, apewe vya siku chache tu. Wengi huogopa kumuuliza kama anawaza kufa, wakidhani swali litampa wazo. Halimpi; linamtua mzigo. Ulizeni kwa upole na waziwazi, na akikubali msimwache peke yake, siku hiyohiyo mpelekeni Hospitali ya Bombo.

Anayeona aibu kwamba kwenda hospitali ni upungufu wa imani aitazame hospitali ya akili ya Lutindi, kule milimani Korogwe. Wamisionari kutoka Ujerumani waliianzisha 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na tangu 1904 inapokea wagonjwa wa akili. Hadi leo iko chini ya KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kanisa katika mkoa huu lina zaidi ya karne nzima likiwahudumia wagonjwa wa akili, na leo hutumia dawa, kazi za mikono na sala pamoja.

Matangazo ya Jumapili yana nafasi ya ndoa, mavuno na mazoezi ya kwaya. Siku ya kliniki ya afya ya akili nayo isomwe hapo, pamoja na majina ya mzee wa kanisa mmoja na mama mmoja walio tayari kumsindikiza anayetaka kwenda.